Nyayo Zisizo na Visigino

Muuguzi alikuwa binti mdogo wa viatu vyeupe, naye alitukalisha kwa duara katika darasa la chekechea, sisi watu wazima juu ya vibenchi vya watoto, magoti yakikaribia kidevu. Nilikwenda kwa sababu mjukuu wangu Rehema alinibembeleza siku tatu mfululizo. Mtoto wake Bakari ana miaka minne, haongei, hamtazami mtu usoni, na akisikia honi ya pikipiki huziba masikio na kulala chini popote alipo, hata katikati ya soko. Mimi mtu akiniletea karatasi ya kusaini humtazama kwanza kuanzia miguuni, na siku hiyo mjini Singida wenye karatasi walikuwa watatu, muuguzi na wenzake wawili, kwa hiyo nilikaa karibu na mlango. Muuguzi akaandika ubaoni neno usonji. Akasema si laana, si uchawi, wala si kosa la mama, ni namna ubongo wa mtoto ulivyojengeka, na kwamba zamani watoto hawa walikuwapo vilevile ila hawakuwa na jina. Kisha akaanza kuuliza kila familia kama kuna mtu katika ukoo aliyewahi kuwa hivyo. Zamu yetu ilipofika Rehema akanigeukia, maana katika wakubwa nimebaki peke yangu. Nikasema hapana, kwetu hakuna. Nilijibu upesi mno, muuguzi akaniangalia mara mbili kabla ya kuandika.

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini nilisema uongo mbele ya binti ambaye hakunikosea lolote. Jibu ninalo, ila silipendi. Desturi ya kuwaambia wenye karatasi kwamba kwetu hakuna kitu niliianza nikiwa na miaka kumi na mmoja, enzi za Waingereza, mwaka niliokaa Mtinko kwa shangazi Zena. Ilikuwaje nikapelekwa huko ni habari ndefu yenye ng'ombe na ugomvi wa wazee, na haina faida hapa. Nilifika kiangazi, uwele umeshavunwa, nikaondoka kiangazi cha mwaka uliofuata. Kila nilichokuja kukishuku maishani, na nimeshuku mengi, nilikianzia mazoezi katika nyumba ile.

Ilikuwa tembe ya vyumba vitatu. Cha kwanza kilikuwa na mafiga na jiwe la kusagia, nami nililala humo kwenye ngozi. Cha pili kilikuwa na vihenge vya uwele, virefu kunipita, na ulipopita kati yavyo ulilazimika kupita kwa ubavu. Cha tatu kilikuwa cha ndani kabisa, mlango wake wa fito umefungwa kwa kamba ya ngozi. Mume wa shangazi alikuwa amekwenda manamba, kwenye mashamba ya mkonge huko Tanga, na hakuna aliyejua atarudi lini. Wao hawakuwa wenyeji sana pale. Walikuwa wamehamia kutoka Rungwa, mume alikokuwa akirina asali, miaka miwili tu kabla yangu. Siku ya kwanza, kabla hata sijapewa maji ya kunywa, shangazi alinishika bega akanielekeza kwenye kile chumba cha tatu.

"Kule si kwa kuingia," akasema. "Yumo mtoto wangu Mwanaidi, ana maradhi ya kichwa. Huko nje mtu akikuuliza, mwambie humu ndani tuko wawili."

Nilikuwa mtoto mtiifu, nikasema ndiyo shangazi. Lakini nilijua kuhesabu, na kila jioni niliona chakula kikigawiwa mafungu matatu. Langu na la shangazi lilikuwa ugali wa uwele na mlenda katika chungu kimoja, tunachovya pamoja. La tatu liliandaliwa kwa namna ambayo sijapata kuiona tena: ugali mkavu katika kibuyu kimoja, maziwa ya mgando katika kibuyu kingine, na mlenda hakuna kabisa. Siku moja tone la mlenda lilidondokea ule ugali mkavu. Shangazi aliutupia kuku ule ugali, akainuka akasonga mwingine. Nilidhani nitasikia analaani, hakulaani. Alisonga huku amekaza midomo, na mimi nikajiuliza ni mgonjwa gani huyo anayeogopwa na mama yake kwa tone la mlenda.

Kisha kulikuwa na sauti. Mwanaidi alivuma, sauti moja nene isiyopanda wala kushuka, kuanzia asubuhi hadi alipochoka. Pia alikuwa na maneno mawili, hayo tu katika mwaka mzima, na aliyatamka kwa sauti ya shangazi mwenyewe, hata ule ukali wa mwishoni aliuweka: "Funga mlango." Siku ya kwanza niliyosikia nilikimbia kwenda kuufunga, nikamkuta shangazi yuko nje zizini anakamua. Nilisimama katikati ya uwanja nisijue nimtazame nani. Leo ninafahamu kwamba mtoto alirudia alichokisikia mara nyingi kuliko kingine chochote. Wakati ule nilifahamu kitu kingine, na nitakieleza, ingawa kinanitia aibu.

Mwaka ule katika sehemu nyingi za kwetu watu walikuwa wakiuawa na simba, au walisemekana kuuawa na simba. Kisimani, kwenye mchanga wa korongo ambako wanawake walichimba maji na kungoja zamu, nilisikia maneno ambayo hakuna aliyeyasema kwa sauti ya juu. Walisema wengine wanaoua si simba bali ni watu, na waliwaita mbojo. Walisema kuna waganga na matajiri wanaonunua watoto mabubu au wasio na akili timamu, wanawafungia chumba cha giza, wanawavika ngozi, wanawafundisha kutembea kwa mikono na miguu mpaka viganja vinakuwa vigumu, kisha wanawatoa kama unavyotoa mbwa wa kuwinda. Serikali yenyewe iliamini, au angalau ilikamata. Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, alikuwa ametuma askari kutoka boma, na jumbe alitangaza barazani kwamba anayejua nyumba yenye mtu aliyefichwa aseme, na asiyesema atahesabiwa naye ni mwenye mbojo. Waliopelekwa boma, wengine hatukuwaona tena. Mwanamke mmoja alikuwa akisimulia huku anateka maji, na mimi nimeshika kibuyu changu, nikaona kila neno lake lina pahala pake katika nyumba ninayolala.

Ngozi ilikuwapo. Niliiona mwezi wa pili, shangazi alipokwenda kwenye gulio akasahau kukaza ile kamba. Mlango ulifunguka kiasi cha kupitisha uso. Mwanaidi alikuwa msichana wa miaka tisa hivi, mrefu, karibu tulingane, amejifunika kichwa na mabega kwa ngozi ya ndama. Kaniki aliyovalishwa ilikuwa chini, ameivua, maana hakuvumilia nguo mwilini. Ile ngozi tu ndiyo aliyoikubali. Alikuwa akitembea kutoka ukuta hadi ukuta. Alitembea kwa ncha za vidole. Visigino vyake havikugusa chini hata mara moja, na mikono aliipungapunga kando ya masikio. Hakunitazama, ingawa nina hakika aliniona. Nilirudi kwenye jiwe la kusagia nikasaga uwele ambao ulikuwa umeshasagwa.

Nilikaa na jambo lile juma zima. Nilimchunguza shangazi akila, akisali, akisuka nywele zangu, nikitafuta alama ya mtu anayefuga muuaji. Alikuwa na vidole vyepesi kichwani mwangu na nilichukia kwamba ninavipenda. Nilishuku hata nyama: kila ilipopikwa nilitazama kama kuna kipande kimetengwa kibichi. Mwisho nilishindwa. Kisimani nilikuwa na rafiki, Tatu, binti wa ndugu yake jumbe, tuliyezoea kucheza naye mawe tukingoja maji yapande mchangani. Nikamwapisha kwa jina la mama yake, nikamwambia humu ndani tuko watatu, na wa tatu anavaa ngozi. Tatu alifunika mdomo kwa mkono. Akaapa tena, safari hii bila kuombwa, na kwa kweli alijitahidi, maana alikaa nayo siku mbili nzima.

Maneno yakasambaa, na dalili yake ya kwanza ilikuwa moto. Kwetu mwanamke moto ukimzimikia alikwenda kwa jirani na kigae, akapewa kaa, akakaa kidogo akaeleza habari za watoto. Kwa shangazi walikuwa wakija watu wawili watatu kila siku, naye aliwaletea kaa uwanjani, ambako kule kuvuma hakukufika. Ghafla hakuja mtu. Tuliwaona wakipita na vigae vyao mbele ya uwanja wetu, wakizunguka njia ndefu kwenda kuomba moto nyumba ya mbali, macho wameyatupa upande wa pili. Kisimani wanawake walivuta vyungu vyao nilipoinama. Shangazi hakuwa mjinga, aliona siku ileile, na akaanza kutafuta ni nani aliyemwaga siri. Mtu mmoja tu nje ya nyumba aliwahi kumwona Mwanaidi, jirani yetu mama Shabani, ambaye alituletea maziwa ng'ombe wetu walipokauka na ambaye alijua kwamba maziwa yale lazima yawe katika kibuyu chake pekee. Mama Shabani ndiye aliyeshukiwa.

Alikuja asubuhi moja na maziwa yake kama kawaida. Shangazi aliyapokea, akamshukuru, akayamwaga chini mbele ya miguu yake. Hawakutukanana. Mama Shabani alitazama lile doa jeupe likinywewa na vumbi, akainua kibuyu chake kitupu akaenda, na hakuuliza amekosa nini. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na ufagio. Ningeweza kusema neno moja nikayamaliza yale. Nikaendelea kufagia. Nimefanya makosa makubwa kuliko hilo, lakini hakuna linalonirudia mara nyingi namna hiyo.

Ajabu ni kwamba katika miezi hiyohiyo nilikuwa nimeanza kumzoea Mwanaidi. Shangazi sasa alikwenda shamba peke yake, mbali, na kuniachia ulinzi. Kwa hofu, nikaona afadhali nimjue ninayemwogopa. Nilifungua mlango, nikakaa kizingitini, siku nyingi bila jambo lolote kutokea. Alikuwa na vipande vya vyungu vilivyovunjika, alivipanga mstari kutoka mkubwa hadi mdogo, na mara moja nilipokisogeza kimoja alipiga ukelele na kujing'ata mkono mpaka nikakirudisha mahali pake. Basi nikaacha kusogeza vitu. Siku moja nilikuwa napepeta uwele karibu naye, punje zikaanguka juu ya mkono wake. Akaacha kuvuma. Alifungua viganja vyote viwili, akavinyoosha mbele yangu, akangoja. Nikammiminia kidogo kidogo kutoka kwenye kibuyu. Aliziacha zipite katikati ya vidole, akanyoosha tena, na uso wake ulitulia kwa namna ambayo sikuwahi kuiona katika nyumba ile kwa mtu yeyote. Tangu hapo ikawa kazi yetu ya kila siku. Siwezi kusema nilimpenda. Kila nilipommiminia nilikuwa naye karibu, na kila nilipotoka nilihakikisha kamba nimeikaza sana.

Yule muuguzi alituambia tukae na mtoto, tutazame anachokipenda, tuanzie hapo. Rehema aliandika maneno hayo kwenye daftari. Mimi niliyasikia nikacheka kimoyomoyo, maana nilikwisha kuyafanya na hayakunifundisha chochote. Mtu anaweza kujua kabisa mtoto anapenda nini na bado akaamini ni mnyama. Tulikuwa na maneno mengine wakati huo, na kila neno lilikuja na amri yake: ukisema bubu, unamwacha akae, ukisema ana shetani, unampeleka kwa mganga, ukisema mbojo, unaita askari. Hata hili la usonji nalitazama kwa pembe ya jicho. Nataka kwanza kujua litatuamuru nini.

Mvua zilianza kwa kuchelewa. Kabla ya mvua ya pili mwanamke wa kijiji cha jirani alikutwa ameuawa kando ya shamba lake, na kwa siku mbili hakuna aliyetoka peke yake. Kisha ikanyesha alfajiri nzima. Mwanaidi aliyapenda maji yanayotiririka kupita uwele wenyewe. Nilipoamka nilikuta kamba imelegea kwa unyevu na chumba kitupu, na shangazi yuko nje anamrudisha kutoka korongoni, ameloa, anavuma kwa furaha, ngozi imemning'inia mgongoni. Tulimfuta, tukamfungia. Hakuna kati yetu aliyefikiria njia. Kutoka kwetu hadi korongoni ilikuwa udongo mwekundu uliolainika, na juu yake zilibaki nyayo zake: vidole vitano na ile sehemu pana ya mbele ya unyayo, vimezama sana, na nyuma yake hakuna kitu. Mwenye kutaka kuona mguu wa mtu aliona mtu. Mwenye kutaka kuona mnyama alikuwa na kila sababu.

Mimi nilikuwa juu ya paa la tembe nageuza kunde zilizopata mvua, nikawaona wakija. Mbele jumbe, kanzu amekunja mkononi isipate matope, nyuma yake askari wawili wa boma, na nyuma yao wanaume kama kumi wenye mikuki. Walikuja wameinama, wanafuata chini, mmoja amekata kijiti cha kupimia. Sikuhitaji kuambiwa wanapima nini. Nilielewa kwamba wakifika wataondoka na Mwanaidi na shangazi wote wawili, na kwamba waliowaleta ni maneno yangu. Niliteremka. Ukutani, karibu na mafiga, tulichomeka miiba mirefu ya mgunga ya kutolea funza, kwa sababu vumbi la zizi lilitujaza funza sote. Nikachomoa mmoja, nikakaa nyuma ya kihenge, nikajichimba visigino, cha kulia, kisha cha kushoto, zaidi ya inavyotakiwa kwa funza yeyote. Nililia bila sauti. Kwetu kila mtu alijua kwamba mwenye funza visiginoni hutembea kwa vidole, na sikuwa na uongo mwingine karibu.

Jumbe alimsalimu shangazi, shangazi akaitikia, akaulizwa nyayo zile ni za nani. Alikuwa amesimama ameshika nguzo ya mlango, na nilimwona anatafuta uongo na hapati. Nikatoka kati ya vihenge kwa ncha za vidole, nikapiga goti mbele ya wazee.

"Shikamoo jumbe," nikasema. "Ni zangu. Nilikwenda kutazama maji. Nina funza, siwezi kukanyaga."

Askari mmoja akaniinua mguu kama anavyoinuliwa mbuzi, akatazama, akamwonyesha mwenzake damu. Nikaambiwa nitembee kwenye matope. Nikatembea, hatua kumi na zaidi, wakapima kwa kile kijiti, wakanong'ona. Vipimo vilikaribiana, havikulingana. Jumbe alikuwa mtu wa makamo mwenye macho ya taratibu, naye alitazama nyayo zangu, akanitazama mimi, akamtazama shangazi, na nina hakika hakuniamini. Alikuwa anafungua mdomo wakati sauti ya shangazi ilipotoka ndani ya nyumba, kali, "Funga mlango," na shangazi yuko mbele yetu sote, midomo haijacheza. Mikuki ikainuka. Wanaume wawili walirudi nyuma mpaka uzioni.

Baada ya hapo hapakuwa na cha kuficha. Shangazi mwenyewe aliingia akamtoa Mwanaidi nje, na ngozi yake kichwani, kwenye mwanga ambao mtoto hakuuzoea. Alijikunyata chini, akafumba macho, akakunja ngumi na kuvuma kwa nguvu. Watu walipoona ile ngozi walianza kusema wote kwa pamoja. Jumbe akainua mkono. Akasema anayetembezwa kama mnyama viganja vyake husema, na akaamuru mtoto afungue mikono. Shangazi alimshika kidole kimoja, Mwanaidi akapiga ukelele na kumng'ata. Askari akasogea kutumia nguvu zake. Ngumi zile zilikuwa zimefungwa sana, na kwa mtu mwenye mashaka ngumi iliyofungwa ni ushahidi tosha.

Nikaingia ndani nikatoka na kibuyu cha uwele. Sikuomba ruhusa. Nikapiga magoti mbele yake, nikaanza kumimina chini, polepole, ili asikie. Kuvuma kukapungua. Sijui tulikaa hivyo muda gani. Wanaume kumi na mikuki wanamtazama mtoto anamwaga chakula mwaka ambao mvua zimechelewa. Kisha Mwanaidi, macho bado amefumba, akafungua viganja viwili na kuvinyoosha. Nikammiminia. Jumbe akainama, akangoja punje zipite, akatazama. Viganja vilikuwa laini, laini kuliko vya mtu yeyote pale uwanjani, viganja vya mtoto ambaye hajawahi kushika jembe wala kamba.

"Huyu hajatembelea mikono," jumbe akasema. "Huyu amefungiwa tu."

Akawageukia askari, akazungumza nao pembeni, wakaondoka. Alimwambia shangazi kuanzia siku hiyo mtoto akae nje watu wamwone, na akimficha tena hatamtetea. Hiyo ikawa sheria, na ndiyo iliyomwokoa. Alikaa uwanjani na vipande vyake vya vyungu, watu wakapita wakamtazama, mwanzoni kwa mbali, baadaye wakapita bila kumtazama. Waliomba moto tena. Walimwita mjinga wa kwa Zena, na neno hilo, ambalo leo muuguzi angelikunjia uso, lilikuwa salama kwake kuliko yote aliyowahi kuitwa. Aliishi miaka mingine sita, akafa kwa surua iliyopita mwaka ambao watoto wengi walikufa. Nilikuwa nimeshaolewa. Juma lijalo nitarudi kwa yule binti wa viatu vyeupe nimwambie afute alichoandika, kwetu alikuwapo mmoja.

Lakini jioni ile ya askari ndiyo ninayotaka kuiweka vizuri, kwa sababu sijawahi kumsimulia mtu. Jua lilikuwa halijazama. Shangazi alichemsha maji akatia chumvi, akanikalisha kwenye kigoda, akaanza kunisafisha visigino. Mwanaidi alikuwa karibu yetu, anaokota punje za mchana zilizobaki chini. Maji yaliniunguza na nilishukuru, maana yalinipa sababu ya kulia. Nikamwambia si mama Shabani aliyesema. Nikamwambia ni mimi, nilimwambia Tatu kisimani. Aliendelea kuniosha.

"Na leo ulipojitoboa," akauliza, "ulikuwa umeshajua kwamba si mbojo?"

Nilitaka sana kusema ndiyo. Alikuwa ameshika mguu wangu, na nilijua jibu ambalo lingempendeza. Lakini nilikuwa nimesema uongo wa kutosha siku hiyo.

"Hapana, shangazi. Bado namshuku."

Nikangoja kofi. Alinifuta mguu mmoja kwa pindo la kaniki yake, akauweka chini taratibu, akachukua wa pili. Hakuinua uso.

"Jumbe kamkagua viganja mara moja," akasema, "na yeye aliletewa maneno na watu. Mimi namkagua kila nikimwogesha, tangu habari hizi zianze. Na mimi hakuna aliyeniletea neno."